Makoye Anakaa Wapi

Jumapili, 3 Novemba

Mvua bado. Shamba nimeshalikatua lote, ekari nne, mbegu za pamba ziko kwenye debe, na mawingu yanatupita tu yakielekea Maswa. Padre ameomba mvua misa nzima. Mimi nilisinzia.

Daftari hili alinipa mdogo wangu Makoye alipokuja Julai. Lina jalada gumu lenye jina la mashindano aliyoshinda Ulaya. Akaniambia, "Dada, wewe unaongea sana. Uwe unaandika, watu wapumzike." Mshenzi yule. Haya, naandika.

Kwa atakayelisoma nikishakufa: mimi ni Martina, mjane, mama wa Agatha aliyeolewa Bukombe. Nakaa hapa Kishapu kwenye kaya ya marehemu baba yetu, pamoja na Vumilia mke wa Makoye na binti yao Paskalina wa miaka minne. Makoye ni mkimbiaji wa marathoni. Kila mwaka miezi kadhaa yuko kambini Ulaya, akirudi analima na kuchunga kama mtu mwingine yeyote. Wifi yangu Vumilia ni mtoto wa wachimbaji wa Geita, na jembe halimjui.

Alhamisi, 7 Novemba

Makoye amepiga simu. Kano la kisigino cha kushoto limechanika. Daktari wa huko amempangia upasuaji tarehe ishirini Januari. Akipasuliwa atapumzika miezi sita kisha atakimbia tena. Asipopasuliwa, siku yoyote litakatika lote, na hapo mbio basi.

Nikamuuliza, hela ya daktari ipo? Akacheka. "Dada, hela iko benki. Wewe niombee kisigino."

Nimeomba.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua bado. Vumilia amepalilia mistari miwili ya viazi akasema mgongo unamuuma.

Jumanne, 19 Novemba

Hela iko benki kweli, lakini haitoki. Ofisi ya kodi ya nchi ile imeizuia mpaka ijue Makoye anakaa wapi.

Alinieleza mara tatu kabla sijaelewa. Kama yeye ni mgeni anayepita, watamkata kodi kwenye hela ya mbio alizokimbia kwao, basi. Kama anakaa kwao, watamkata kwenye kila alichopata duniani: hela ya kampuni ya viatu, zawadi za mbio alizoshinda nchi nyingine, hata kile kihisa chake kwenye duara, lile shimo la dhahabu kule Geita. Na wanataka ya miaka mitatu nyuma, pamoja na faini.

"Si uwaambie unakaa hapa?" nikamwambia.

"Nimewaambia, dada. Wanataka karatasi. Niombee kwa mtendaji barua ya ukazi."

Barua tu? Nikamwambia kesho unayo. Mtu anaenda kukosa kupasuliwa kwa ajili ya barua!

Jumatano, 20 Novemba

Ee Mungu wangu.

Nilifika ofisini kwa mtendaji saa mbili asubuhi, nimevaa kitenge cha kanisani. Boaz ni kijana mpole, ametokea Ushirombo, anasalimia vizuri. "Shikamoo, Mama Agatha." Nikaitikia, nikakaa, nikamwambia shida yangu. Akasema hamna tatizo, akavuta daftari la wakazi, akalamba kidole, akafunua mpaka kaya yetu. Akasoma mara mbili.

Akaligeuza nione. Jina la Makoye limepigwa mstari. Mbele yake pameandikwa: *Amehama. Anakaa Ulaya.* Chini yake tarehe kumi na mbili Agosti, na sahihi. Sahihi yangu mimi, na ule mkia ninaouvuta kwa mbwembwe.

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa.

Agosti ulifanyika mkutano wa kijiji wa michango ya zahanati. Kila nguvukazi, yaani kila mtu mzima wa kufanya kazi, alipangiwa kiasi kile kile. Makoye alikuwa ameondoka wiki moja kabla. Likaja jina lake, mjumbe mmoja akasimama akasema huyu anapata hela za nje, huyu atoe mifuko sitini ya saruji. Mifuko sitini! Damu ikanipanda. Hela za nje zinawahusu nini? Walimsukuma wakati anakimbia? Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Makoye hakai hapa. Anakaa Ulaya. Mkataka saruji yake mkaifuate huko huko." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo, na mimi nikajiona mwanamke wa maana.

Vumilia alikuwa nyuma yangu. Akanivuta kitenge. "Wifi, usiseme hivyo. Mume wangu anakaa hapa."

Nikamjibu kwa sauti, watu wasikie, kwamba asiyeweza kushika jembe asishike kitenge changu. Wakacheka tena. Boaz akaandika, nikatia sahihi.

Leo nimemwambia afute. Akasema, "Mama Agatha, wakaguzi wa wilaya walilipitia Septemba. Kila ukurasa una muhuri wao. Nikifuta, kazi sina."

"Hata nikikuletea jogoo?"

"Hata ukileta ng'ombe. Aliyehama akirudi, anakuja mwenyewe kwa miguu yake, anaandikishwa upya. Ndio utaratibu." Akanionea huruma, akaandika barua kwamba Makoye ni *mzaliwa* wa kijiji hiki. Akagonga muhuri.

Nyumbani Vumilia akauliza, "Umepata, wifi?" Nikasema nimepata. Aliniangalia kidogo, kisha akaendelea kumenya viazi vya michembe, vya kukausha.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda Shinyanga mjini, Ngokolo, kwa Nestory tuliyesoma naye darasa moja. Sasa ni mhasibu, ana kompyuta na feni. Alipiga picha barua akamtumia Makoye, kisha akaisoma, akavua miwani.

"Martina, hii inasema alizaliwa. Hawajauliza alizaliwa wapi."

"Kuna tofauti?"

"Kubwa. Wewe ulizaliwa hospitali ya misheni. Unakaa hospitali?"

Akanieleza kwamba hata kama Makoye ni mgeni, hela ya viatu wanaihesabia siku: siku ngapi amevaa viatu vile kwenye ardhi yao, wanakata kwa siku hizo. Hiyo angeweza kuilipa akabaki na ya daktari. Lakini akionekana mkazi, hakuna cha siku tena, wanakata yote. Na nchi yetu na ile hazijaandikiana mkataba wa kodi, kwa hiyo alichokatwa huku hakimpunguzii kitu kule.

Nikasema huo ni wizi, hela ya Geita inawahusu nini, walichimba wao? Nestory akasema, "Wanasema anayekaa kwao achangie kwa kila alichonacho, popote kilipo." Nikakumbuka mifuko sitini ya saruji, nikakunja barua yangu. Sikumwambia habari ya daftari.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua! Imenyesha tangu alfajiri. Tumepanda, mimi na vibarua wawili. Vumilia naye alikuja, anapanda mbegu tano shimo moja. Nikamkaripia, akaendelea kupanda.

Jumatatu, 9 Desemba

Sasa wanataka orodha ya mali zake zote za huku. Makoye akaniuliza ng'ombe wako wangapi.

Nikamwambia, wewe umelogwa? Tangu lini ng'ombe wakahesabiwa kwa sauti kwenye simu? Baba alikufa bila kumtajia mtu idadi, hata mama hakuijua. Akasema dada, mhasibu wa huku anasubiri na kalamu. Nikasema mwambie wapo. Nikamsikia anamtafsiria, halafu mzungu anauliza, halafu Makoye anacheka mpaka anakohoa. "Anauliza, 'wapo' ni wangapi?"

Tangu aumie sijamsikia akicheka namna ile.

Ijumaa, 13 Desemba

Barua ya Boaz haikutosha. Wanataka nakala ya ukurasa wa daftari la wakazi.

Makoye aliniambia hivyo nikiwa shambani, simu begani, jembe mkononi. Kinywa changu kikajibu kabla sijafikiri. "Daftari limeliwa na mchwa."

"Lote?"

"Lote."

Nikasikia magari ya huko yakipita. "Basi, dada. Mvua inanyesha?"

"Inanyesha."

"Vizuri."

Nimeandika hapa ili paonekane mahali. Nimemdanganya mdogo wangu. Nitalinyoosha, naapa, sijui tu nianzie wapi. Nikisema ukweli, nakala itaenda na watasoma sahihi yangu. Nikinyamaza, labda watachoka wamwachie.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali na kuku. Makoye alimwimbia mtoto kwenye simu. Mvua kubwa.

Jumatatu, 6 Januari

Vumilia hakuwepo siku nne. Aliniachia mtoto, akasema anakwenda kwao. Mimi nikawaambia majirani ndio hivyo, mume akikwama mke anakimbilia kwa mama yake. Nilisema hivyo kisimani mbele ya wanawake sita.

Amerudi jana, matope mpaka magotini, midomo imepasuka. Alikwenda Geita kuuza kihisa cha Makoye kwenye duara ili ipatikane hela ya daktari. Mvua hizi zimejaza duara maji, kuta zimeanza kuporomoka, hakuna anayenunua. Alikaa pale siku mbili akiwasihi wanunuzi, wakamwambia rudi kiangazi. Njiani alipitia Mhunze mnadani akauza mbuzi zake sita alizopeleka kufugwa huko, na asubuhi ya leo ameuza cherehani. Ile cherehani ambayo mimi nilikuwa naiita mume wake wa pili.

"Imefika ngapi?" nikauliza.

"Haifiki hata robo, wifi."

Nilimchemshia maji ya kuoga, nikampelekea mwenyewe. Mvua niliyoisubiri mimi ndiyo imejaza lile shimo. Nilitaka kumwomba radhi kwa ya kisimani, nikaishia kusema maji yana moto, aongeze ya baridi.

Jumatatu, 20 Januari

Leo ndiyo tarehe. Hakupasuliwa.

Ijumaa, 31 Januari

Palizi ya pili. Kila siku Makoye anapiga, ananiuliza mvua, pamba, magoti yangu. Haulizi tena habari ya daftari. Nikadhani amesahau. Mtu unajidanganya na unajiona unavyojidanganya.

Jumapili, 16 Februari

Mkataba wa viatu unasema asipokimbia kabla Februari haijaisha, umevunjika. Mbio zikawa leo. Walimchoma sindano ya ganzi kisiginoni. Nilimwambia usikimbie. Akasema, "Dada, nisipokimbia nitakula nini huku, na hela yangu imefungwa?"

Tuliangalia kwenye simu ya Vumilia, tumekaa kwenye mkeka, picha inakatika katika. Kilomita ya kwanza mpaka ya ishirini alikuwa na kundi la mbele. Paskalina anapiga makofi, baba, baba. Kilomita ya ishirini na tano nikaona anaukanyaga mguu wa kushoto kwa pembeni. Vumilia akasema kwa sauti ndogo, "Acha. Acha, Baba Paskalina. Simama."

Kilomita ya thelathini na moja aliruka kidogo, kama mtu aliyepigwa jiwe kwa nyuma, akageuka kuangalia nani kampiga. Hapakuwa na mtu. Akajaribu hatua mbili, akakaa chini barabarani. Wenzake wakampita. Hakulia wala hakushika mguu, alikaa tu, mikono magotini, mpaka picha ikahamia kwa wanaoongoza.

Vumilia alizima simu akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumanne, 4 Machi

Funza wameingia kwenye vitumba. Napulizia dawa tangu asubuhi, mikono inawasha.

Ijumaa, 21 Machi

Uamuzi umetoka. Wamesema Makoye ni mkazi wao, na wamekata kwenye yote. Kilichobaki ni nauli.

Nilimuuliza walijuaje. Akasema, "Wana karatasi zao, dada." Sikuuliza zaidi, nikaanza habari za pamba.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja.

Nilimwona tangu barabarani, nikadhani ni mzee fulani. Mguu wa kushoto hausukumi, anauburuta, kisha anauweka chini kwa kuukadiria. Walishaufunga huko hospitali ya bure, lakini kano lilikwisha kujivuta juu, wakamwambia atatembea, asitegemee kukimbia. Ana miaka ishirini na tisa.

Akanisalimia, "Shikamoo, dada." Nikashindwa kusema marahaba. Nilimkumbatia, akanipiga piga mgongoni, akanibembeleza. Mimi ndiye nabembelezwa!

Jumanne, 15 Aprili

Nilikuwa jikoni. Akaja akaketi kwenye kigoda, mguu umenyooka mbele, akatoa karatasi mfuko wa shati. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Akaniwekea mapajani.

Ni ukurasa wa daftari la wakazi, na tafsiri yake ya kizungu imebanwa nyuma. *Amehama. Anakaa Ulaya.* Sahihi yangu na mkia wake.

"Ulipata lini?"

"Desemba. Uliponiambia mchwa, nilimpigia Boaz nimpe pole ya daftari. Akasema daftari liko mezani kwake. Akanitumia siku hiyo hiyo, akidhani ananisaidia. Na mimi nikaupeleka bila kuusoma vizuri, nikiona muhuri tu nikafurahi. Nimeusoma baada ya mhasibu wa huko kuuliza huyu Martina ni nani."

Desemba. Miezi minne alikuwa anajua, na kila siku ananiuliza magoti yangu.

"Kwa nini hukunitukana?"

"Nilitaka. Kila nikipiga nilitaka. Halafu ukipokea unaanza habari za pamba, nikaona bora nisikie habari za pamba."

"Na Vumilia anajua?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Si alikuwepo mkutanoni? Aliniambia Novemba kwamba kuna jambo ulilisema. Akasema nisikuulize, utaniambia mwenyewe."

Nimekaa jikoni mpaka ugali ukaungua. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mwanamke niliyemdhalilisha mkutanoni na kisimani ndiye aliyenistiri, na mimi nilikuwa nahesabu mbegu zake kwenye shimo.

Jioni nilimpigia Vumilia magoti. Kweli, magoti haya mabovu, mbele ya mtoto. Nikamwambia na ya kisimani pia. Akasema, "Inuka, wifi, utashindwa kuinuka." Akaninyanyua. Hakusema amenisamehe, na sikumlazimisha.

Jumapili, 4 Mei

Sijakwenda misa. Makoye hutoka asubuhi na kigoda, anakaa uani akiangalia barabara ile aliyokuwa anakimbia tangu darasa la nne. Watoto wa shule wakimkuta wanamwamkia, wanamuuliza, "Kaka, siku hizi unafanya nini?"

"Nakaa tu," anawajibu.

Alhamisi, 22 Mei

Tumeanza kuchuma. Nusu ya vitumba ni vibovu. Vumilia anachuma haraka kuliko mimi, vidole vya mshonaji, na safi, hana takataka hata moja kwenye kiroba chake. Nimemwambia hivyo mbele ya vibarua.

Saa nne nilikuwa nimerudi uani kunywa maji, Boaz akapita na daftari lake kwapani. Anahakiki wakazi kaya kwa kaya, zahanati imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na michango ya awamu ya pili inaanza. Alimsalimia Makoye kwa adabu nyingi mno, kisha akashindwa pa kuangalia. Makoye akamwonyesha kiti. Hana kinyongo naye. Boaz aliandika nilichomwambia mimi.

Akafungua ukurasa wetu. Akasoma jina langu, nikaitika. La Vumilia, akaitika kutoka shambani. La mtoto. Akafika kwenye jina lililopigwa mstari, akasita, kalamu juu ya karatasi. Nikamwambia aandike na ile mifuko sitini, nitaitoa mimi, kwa pamba ya mwaka huu na ya mwaka kesho na ya huo mwingine. Boaz akasema, "Hapana, Mama Agatha, safari hii atalipa sawa na wengine. Hana cha nje tena." Alisema kwa nia njema.

Makoye alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo kwetu, mguu umenyooka. Hakugeuka.

"Sasa niambie niandike," Boaz akasema. "Makoye anakaa hapa?"

Nilimtazama mdogo wangu pale uani.

"Anakaa," nikamjibu.

Akaandika, akanipa kalamu nitie sahihi.